Pazia la Korongoni

Mtaalamu wa mimea aliwapanga vibarua kumi na mmoja kwenye mstari, pale pori linapoanzia nyuma ya mji, akampa kila mmoja majani mawili na kuwaambia wafumbe macho.

"Msiangalie," alisema. "Papaseni. Macho yatawadanganya, maana huko ndani kila kitu ni kijani."

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, aliyevaa buti zilizomzidi miguu, na kitabu cha picha za mimea kikiwa kimebanwa kwapani. Vibarua walicheka. Msimamizi wao, aliyepachikwa jina la Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alisema yeye hajawahi kufumba macho mbele ya mwanamke asiyekuwa mkewe, na hata mbele ya mkewe huwa anabakiza jicho moja. Wakacheka tena. Mama Maua peke yake ndiye aliyefumba macho. Alipitisha kidole gumba juu ya jani la mkono wa kushoto, kisha la mkono wa kulia, taratibu, kama mtu anayepima joto la paji la uso la mtoto.

"La kushoto ni pazia," alisema. "Linakwaruza kama ulimi wa paka, na pembeni lina meno. La kulia ni la humuhumu porini. Ukilikata litatoa utomvu mweupe."

Mtaalamu akageuka. "Na yakiwa bado kwenye shina, utayatofautishaje?"

"Pazia majani yake hukaa mawili mawili, yanatazamana. Hili lingine hukaa moja moja, huku na huku."

"Mama, umesomea wapi?"

"Niliolewa na mtunza bustani," Mama Maua alijibu. "Miaka thelathini na minne."

Jina la pazia lilitoka kwa watu wenyewe. Mmea ule uliingia mjini kama pambo, mtambaa wenye maua ya buluu mapana kama mdomo wa kikombe, unaoning'inia kwenye vibaraza hata aliyekaa ndani asionekane kutoka barabarani. Kwa miaka mingi kila aliyejenga nyumba aliomba kipande. Sasa ulikuwa umeruka ua na kuingia porini. Ulikwea miti hadi vileleni, ukaifunika na kuikalia, na miti iliyokuwa chini yake ilikauka ikiwa imesimama wima. Wafuga nyuki ndio waliopiga kelele kwanza. Miti waliyotundikia mizinga ilikuwa inaanguka mmoja baada ya mwingine.

"Na chini una kiazi," mtaalamu aliwaeleza. "Kata shina upendavyo, ukiacha kiazi umefanya kazi ya kinyozi tu. Na kipande cha shina, hata urefu wa kidole, kikidondoka penye unyevu kinaota. Kwa hiyo kila mnachokata kinaingia guniani. Hakuna kutupa."

Mama Maua alivaa glovu zake akainama. Neno lile, kutupa, lilimwingia kama mwiba wenye ncha nyembamba, ule ambao maumivu yake huanza baadaye.

&nbsp;

Aliishi katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mwanawe. Mwanawe alikuwa fundi wa mabomba wa ofisi ya mji. Kazi hiyo alipewa mwaka ule baba yake alipofariki, na katibu wa mji alimwambia waziwazi kwamba ni kwa heshima ya mzee. Marehemu, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Maua, ndiye aliyeitoa bustani ya mji kwenye vumbi tupu hadi watu wakawa wanakwenda kupigia picha za harusi. Langoni mwa bustani palikuwa na ubao uliochongwa jina lake, na fundi alikuwa na mazoea ya kupitia njia ile hata kama kazi yake iko upande mwingine.

Hakuna aliyemtesa Mama Maua katika nyumba ile. Alipewa chakula, alifuliwa shuka, na kila asubuhi mke wa mwanawe alimuuliza kama ameamka salama, huku akiwa tayari ameshapita na ndoo. Mchana mzima nyumba ilikuwa yake na jokofu linalonguruma. Alipunguza mazungumzo hadi akabaki akisema na bomba la jikoni lililokuwa likidondosha maji, ambalo mwanawe, fundi wa mabomba ya watu wote, hakupata wasaa wa kulitengeneza. Kwa hiyo aliposikia ofisi ya mji inatafuta vibarua wa kung'oa pazia, alikwenda kujiandikisha bila kumuuliza mtu.

"Watu watasema sikutunzi," mwanawe alilalamika.

"Waambie nimekwenda kunyoosha mgongo."

"Kunyoosha mgongo kwa kuinama?"

Hapo angalau walicheka pamoja. Ilikuwa mara ya mwisho kwa kitambo.

&nbsp;

Wiki ya pili walianza kufuata kijito kwenda juu. Mtaalamu alitaka kujua chanzo, pale mmea ulipotorokea kutoka bustanini na kuingia porini. Kila mahali alipima unene wa mashina kwa utepe na kuandika kwenye daftari. Mashina manene, alisema, ndiyo mazee, na kadiri walivyopanda mlima ndivyo yalivyozidi kunenepa. Mama Maua alikuwa mkono wake wa kulia. Wengine waliposita mbele ya kichaka, waliambiwa wamsubiri yeye apapase. Mara mbili aliwazuia kukata mtambaa wa porini waliodhani ni pazia, na mtaalamu akamwambia, "Jicho lako nalitegemea kuliko kitabu." Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemtegemea kwa jambo lolote. Alilala usingizi mzuri siku hiyo.

Walifika kwenye nyumba ya mkunga mstaafu, nyumba ya mwisho upande ule, iliyokaa juu kidogo ya kijito. Pazia lilikuwa limeifunika kuanzia kibarazani hadi kwenye bati. Juu zaidi ya nyumba palikuwa na korongo lenye kuta kali, limejaa miiba mdomoni. Mtaalamu, aliyekuwa ameteguka kifundo cha mguu siku moja kabla, alilitazama korongo, akautazama mguu wake.

"Mama, kule juu kuna pazia? Umewahi kufika?"

Mama Maua alilijua korongo lile kama anavyolijua jiko lake. Kila Jumamosi, kwa miaka ishirini na zaidi, yeye na mumewe walisukuma toroli hadi ukingoni kwa njia ya nyuma na kumwaga mabaki ya kupogoa, ya bustani ya mji na ya kitalu chao cha nyumbani. Magugu, matawi, na pazia, marundo kwa marundo, maana pazia lilikuwa halikatiki likaisha. Mumewe alikuwa akisema korongo lina tumbo kubwa, halikatai kitu.

"Hakuna," alisema. "Nimefika. Kule ni mawe tu."

Mtaalamu akaandika. Kalamu ilichukua muda mfupi sana.

&nbsp;

Katibu wa mji alikuja mwenyewe, na viatu vyake vilivyong'aa, akifuatana na karani aliyebeba faili. Vibarua walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakinywa maji. Mkunga alitolewa nje, akakaa kwenye kiti chake kibarazani akiwa amegeuzia sikio upande wa wageni. Macho yake yalikuwa yamefifia, sasa alibakiwa na mwanga na vivuli tu. Alikuwa amezalisha nusu ya watu waliokuwa pale, na nusu hiyohiyo haikuwa ikimtembelea kwa sababu ya ulimi wake.

"Bibi," katibu alianza, "wataalamu wamethibitisha kwamba mmea ulioharibu pori umetoka kwenye nyumba hii."

"Umetoka umekwenda wapi? Huu hapa juu ya kichwa changu. Nawasikia nyuki wake."

"Watoto wake, bibi. Wameshuka na kijito. Na unajua nyumba hii ni mali ya ofisi ya mji. Ulipewa uishi kwa sharti la kutunza mazingira yake. Mmea utang'olewa, na wewe utaipisha nyumba mwisho wa mwezi."

Mkunga alipapasa mkono wa kiti chake kama anayehakikisha kwamba bado kipo.

"Mmea huu sikuupanda mimi," alisema. "Alinipandia Bwana Maua, kwa mikono yake. Mtoto wake alipotoka akiwa ametanguliza miguu, nikamgeuza, mama na mtoto wakapona, akaniuliza anilipe nini. Nikamwambia jua la mchana linanichoma hapa kibarazani. Ndipo akaleta mche."

"Marehemu aliwapa miche watu wengi mjini," katibu alijibu kwa upole wa kuudhi. "Ya wenzako ilikaa nyumbani. Tusimsingizie mtu aliyelala."

Redio alikohoa. Vibarua wengine waliangalia ardhi, wengine walimwangalia Mama Maua, kwa huruma, kana kwamba yeye ndiye aliyetukanwa. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, glovu mkononi. Alitaka kusema. Alizikunja glovu mara mbili. Mkunga aligeuza uso upande wake, na kwa kuwa hakuweza kuona, haikujulikana kama alimtafuta yeye au alifuata upepo.

&nbsp;

"Nasikia wamempata aliyesambaza," mke wa mwanawe alisema jioni ile mezani. "Yule bibi mkunga. Mimi nilijua tu. Mtu mwenye mdomo ule hakosi jambo."

Mama Maua alimtazama mwanawe. Fundi alikuwa akikata mkate vipande vidogovidogo bila kula hata kimoja.

"Wanamhamisha," Mama Maua alisema. "Mtu asiyeona. Atakwenda wapi?"

"Mambo ya ofisi ya mji tuwaachie wenyewe, mama," fundi alisema bila kuinua uso. "Wana wataalamu wao."

Alisukuma kiti akaenda kuoga. Maji yalimwagika muda mrefu kuliko kawaida. Mama Maua alibaki na mkwe wake, ambaye alianza kufuta meza, akafuta mbele yake, akamzunguka kama unavyozungukwa mtungi.

&nbsp;

Jumapili ya wiki iliyofuata, asubuhi, alisema anakwenda kutembea, akachukua panga, akapanda kwa njia ya nyuma. Njia yenyewe ilikuwa imefunga, lakini miguu iliikumbuka. Alipofika ukingoni alisimama na kushika kiuno.

Korongo halikuwa na jiwe hata moja. Lilikuwa limejaa buluu. Maua yalimiminika kutoka ukingo huu hadi ule, yakashuka chini ya miiba kuelekea nyuma ya nyumba ya mkunga, na chini yake hakukuwa na mti hata mmoja uliosimama. Palikuwa pazuri, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angekuwapo mumewe angesimama pale na kuvua kofia.

Alishuka kwa makalio, akishikilia mashina. Mengine yalikuwa manene kama paja lake. Alifukua kidogo kwa ncha ya panga, akakutana na kiazi, akafukua zaidi, kiazi kikaendelea. Kando yake, kwenye udongo mweusi, vilijaa viriba, vile vifuko vyeusi vya kukuzia miche, vilivyochakaa. Alikiinua kimoja. Chini kilikuwa kimetobolewa matundu matatu ya pembetatu. Mumewe alikuwa na mazoea yake. Watu wengine walitoboa mawili.

Alikaa pale hadi jua lilipohama. Hakuna mtu duniani aliyejua yuko wapi, na alitambua kwamba hata angechelewa kurudi, wangeanza kumuulizia wakati wa kufunga mlango.

&nbsp;

"Nilikudanganya," alimwambia mtaalamu Jumatatu, kabla vibarua hawajafika. Aliweka kiriba mezani. "Korongoni ndiko chanzo. Maji hushuka kutoka kule kuja kwa mkunga, hayapandi. Tulitupa sisi. Mume wangu na mimi."

Binti alikitazama kiriba, kisha akamtazama yeye, na uso wake ulibadilika kama wa mtoto aliyeambiwa na mzazi jambo asilopaswa kuambiwa.

"Mama, ripoti nimeshaituma. Na jina langu liko chini yake."

"Najua."

"Nilikuamini."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Binti alipanda naye korongoni, mguu ukimuuma, akapima mashina, akapiga picha, hakusema naye neno lisilo la kazi. Mchana walikwenda pamoja ofisi ya mji. Mtaalamu aliingizwa mara moja. Mama Maua aliambiwa asubiri kwenye benchi la ukumbini, na alisubiri hadi wahudumu wakapiga deki chini ya miguu yake mara mbili. Mara ya pili walimwambia ainue miguu, akainua, akawa ameketi hivyo, mtu mzima, miguu hewani, pale katibu alipofungua mlango.

"Mama Maua," katibu alisema, bila kumkaribisha ndani. "Unataka tuandike kwamba aliyeharibu pori ni mtu tuliyemchongea ubao?"

"Andikeni kilichotokea."

"Angekuwa hai angekubali?"

Alifikiri. Wengine wangejibu haraka. "Sijui," alisema. "Hakuwa akijua kama ule mmea una madhara. Wala mimi. Tulikuwa tunasafisha. Lakini mkunga hakutupa kitu kule, na hawezi hata kufika. Kama nyumba yake inachukuliwa kwa sababu hiyo, basi sababu hiyo haipo."

Karani alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, na mtaalamu alikuwa nyuma ya katibu na ripoti mpya mkononi. Katibu aliona kwamba jambo limeshakuwa na mashahidi. Akakunja uso. "Haya. Mkunga atabaki. Lakini ukweli una gharama yake, mama, na wewe ndiye uliyeutaka."

&nbsp;

Ubao ulitolewa wiki hiyohiyo. Aliyetumwa kuutoa alikuwa fundi wa mabomba wa ofisi ya mji. Walisema fundi seremala yuko likizo. Aliufungua skrubu moja baada ya nyingine mbele ya wauza magazeti na wanafunzi waliokuwa wakivuka barabara, na mmoja alimuuliza kama bustani inabomolewa. Aliubeba begani hadi nyumbani. Mama Maua alimsikia akiingia, akasikia ubao ukigusa ukuta wa ukumbini, nje kabisa ya mlango wa chumba chake. Alipofungua, ubao ulikuwa umeegemezwa hapo, maandishi yamegeuziwa ukutani.

"Umemvua baba nguo barabarani," fundi alisema kutoka sebuleni. Hakupaza sauti. "Mimi ndiye niliyetumwa kumvua nguo, kwa bisibisi."

"Mwanangu, yule bibi alikuwa anatolewa nje."

"Na mimi je? Kesho naingia ofisini kwao na uso upi?"

Mama Maua alishika ukingo wa ubao. Mke wa mwanawe alifunga mlango wa chumba chao taratibu, na tangu siku hiyo fundi hakumsemesha mama yake tena. Chakula cha Mama Maua kiliwekwa mezani kikiwa kimefunikwa, naye akala wenzake wakiwa wamemaliza. Hata salamu ile ya ndoo ilikatika.

Kazini nako mambo yaligeuka. Redio aliyekuwa akimsalimu kwa mizaha sasa alimsalimu kwa adabu, na adabu ya Redio ilikuwa adhabu. Mtaalamu alimpangia korongo. "Wewe ndiye unayelijua," alisema, akitazama daftari. Wengine walipangwa kijitoni wawili wawili. Yeye alipewa sururu, mtaimbo na magunia, na hakupewa mwenzake.

&nbsp;

Kabla ya kuanza korongo ilibidi kibaraza cha mkunga kisafishwe, maana mmea ule nao ulipaswa kwenda. Mama Maua aliomba kazi hiyo aifanye yeye. Alikata kuanzia juu, akashusha mikono mirefu ya pazia na kuikunja magunini, na kila alipokata mwanga uliingia zaidi, hadi ukamfikia mkunga usoni. Bibi aliinua kiganja.

"Nani huyo?"

"Mama Maua, bibi."

"Nilijua. Unakata kama mtu anayeomba radhi." Alishusha kiganja. "Wameniambia ulikwenda kwa katibu. Ulikwenda kwa mtaalamu. Kila mtu ulimwendea."

"Ndiyo, bibi."

"Kwangu je? Siku kumi na mbili nilikaa hapa nikipanga vitu vyangu kwa kupapasa. Nilimpa jirani kabati. Nilimpa sufuria kubwa. Wewe ulikuwa umesimama pale kwenye nguzo ile, nilikusikia unavyopumua, kwa sababu pumzi yako naijua tangu siku uliponishika mkono huu ukataka kuuvunja, mtoto wako amekwama. Ukanyamaza."

Mama Maua alishuka kwenye ngazi. "Niliogopa, bibi."

"Najua uliogopa. Kila mtu huogopa. Sikuulizi kwa nini uliogopa, nakuambia tu nilikuwa hapa."

"Nisamehe."

"Kabati lilikuwa zuri," mkunga alisema, akageuza kiti kuupa mwanga mgongo. "Endelea na kazi yako. Jua linapanda."

Aliendelea. Alifukua kiazi cha pazia lile hadi mwisho, akafukia shimo, akafagia kibaraza. Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi, alikwenda kwa jirani kuliulizia lile kabati. Jirani alikuwa ameshaweka nguo ndani na hakupendezwa na swali. Alikataa. Mama Maua alirudi mara ya pili, kisha ya tatu, akasimama mlangoni kimya kama mtu anayedai maiti, hadi mwanamke yule akazitoa nguo zake kwa hasira na kumwambia alichukue na miguu yake yote minne. Alilibeba kwa toroli la kazini. Mkunga alilipapasa, milango, komeo, pembe moja iliyomeguka.

"Ndilo lenyewe," alisema. Hakusema ahsante, lakini alimwambia mahali pa kuliweka.

&nbsp;

Korongoni alikuwa akianza asubuhi umande ukiwa bado haujakauka. Alichagua eneo dogo, akakata mashina, akachimba hadi kiazi kikaisha, akatia gunia, akasogea. Siku ya kwanza alisafisha sehemu ya ukubwa wa kitanda. Baada ya wiki tatu palitosha chumba. Alizungumza peke yake kidogo, halafu akaacha, kwa sababu sauti ilikuwa ikimrudia kutoka kwenye kuta za udongo, na aliposikia jinsi ilivyo nyembamba alishtuka.

Siku moja wakati wa mapumziko ya mchana alisikia udongo ukiporomoka juu yake. Fundi alikuwa ukingoni, bado amevaa sare ya kazi. Alishuka kwa shida, viatu vyake havikuwa vya kule, akasimama hatua chache kutoka kwake. Alitazama buluu iliyobaki, akatazama mashimo.

"Ni hapa," alisema.

"Ni hapa."

"Mlikuwa mnamwagia pale juu, penye lile jiwe." Alionyesha kwa kidevu. "Halafu wakati wa kurudi toroli likiwa tupu, baba ananipakia, anakimbia nalo. Wewe unampigia kelele kwamba ataniangusha."

Mama Maua aliegemea mtaimbo. Jambo hilo lilikuwa limemtoka kabisa, na sasa lilirudi lote kwa mpigo, vumbi, kicheko, kofia ya mumewe ikidondoka njiani.

"Ulikuwa mdogo mno. Sikudhani unakumbuka."

"Nakumbuka." Fundi alichuchumaa, akachukua kipande cha shina, akakigeuzageuza. "Siku ile waliposema ni mkunga, nilijua siyo. Nilijua palepale mezani. Nikawa nakata mkate najiuliza kama na wewe unajua, na kama unajua kwamba mimi najua."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Upepo ulipita juu ya korongo, chini hawakuupata. Siku zile zote walikuwa wamelala wakitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali, kila mmoja na siri ileile, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake au anajilinda naye.

"Ungeniachia mimi nimwendee katibu," fundi alisema. "Ningejitutumua. Ningekwenda."

"Ungekwenda?"

Alikwangua udongo kwenye shina kwa ukucha. "Sijui," alisema mwishowe, na kwa jinsi alivyolitamka neno hilo, mama yake alimsikia mumewe, na alijisikia yeye mwenyewe pia.

Fundi alisimama, akajipangusa magoti. Alikitia kile kipande cha shina ndani ya gunia, kwa uangalifu, akakikandamiza. "Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua."

"Sijui itachukua muda gani."

"Sina haraka, mwanangu. Unaona mwenyewe kazi iliyobaki."

Alipanda juu bila kuaga. Mama Maua alisikiliza hatua zake hadi zilipokwisha, halafu akarudi kuchimba, kwa sababu kiazi kilikuwa nusu nje na udongo ulikuwa unaanza kukauka.

Jioni ile aliporudi nyumbani alikuta sahani tatu mezani, hazijafunikwa. Mke wa mwanawe alikuwa ameshaketi, na hakuinua macho. Fundi naye alikuwa ameketi. Mama Maua alinawa mikono mara mbili kuondoa udongo kwenye kucha, akaja, akavuta kiti polepole kisitoe mlio. Walikula. Kijiko kiligonga sahani, jokofu likanguruma, likanyamaza.

"Mama," fundi alisema, macho yakiwa kwenye sahani yake. "Naomba hiyo chumvi."

Chumvi ilikuwa karibu na fundi mwenyewe. Angeweza kuifikia bila hata kunyoosha kiwiko. Mama Maua aliinuka nusu kwenye kiti chake, akanyoosha mkono hadi upande wa pili wa meza, akaichukua, akampa.